Dondoo muhimu: Siku Zako Malindi

Anzia kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo yenye msalaba ingali imesimama juu ya mwamba, ikitazama bahari. Nenda alfajiri au jioni, jua likiwa pole.

Soma pepo. Msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi huchafua bahari, na mvua za masika huleta tope la mto Sabaki.

Fuata maji. Hifadhi ya Bahari ya Malindi imelindwa tangu mwaka 1968. Waulize manahodha saa za kupwa na kujaa kabla ya kukodi mashua. Usikanyage matumbawe: ni viumbe hai, na hukua polepole mno.

Tenga nusu siku kwa Gede. Magofu haya ya mji wa Waswahili yako kilomita chache kusini, ndani ya msitu. Utaona msikiti mkuu, kasri, visima na makaburi. Vaa viatu vya kufunika vidole.

Korongo la Marafa ni la jioni. Magharibi yanapokaribia, kuta za korongo hili, liitwalo pia Nyari, huwaka rangi nyekundu na za machungwa. Chukua mwongozaji wa kijijini. Ujira wake hubaki hapo hapo kijijini.

Heshimu mji. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Mjini, jifunge kanga au kikoi, na salamu itangulie ombi.