Mguu Unaposimama: Je, Mtumbwi Wako Unahitaji Pedi?

Mvuvi anayevuta nyavu za sangara kwenye maji ya Bumbire au Kerebe, wilayani Muleba, hatumii mikono peke yake. Nguvu inaanzia kwenye wayo. Mguu mmoja hukanyaga taruma, mwingine husukuma sakafu, kiuno hujipinda kuelekea ukingoni, ndipo kamba inapokubali kuja. Wayo ukiteleza, nguvu yote iliyokuwa juu yake inapotea papo hapo. Na sakafu ya mtumbwi wa Ziwa Viktoria ni nadra kukauka kazini: maji yanapenya na kukombwa, ute wa samaki unatapakaa, na karibu na injini kuna matone ya petroli iliyochanganywa na oili.

Upande wa Kagera una tatizo lake la ziada. Bukoba iko kwenye ufuko wa magharibi, na pepo za kusini-mashariki huvuka maji mapana kabla ya kufika hapo. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na yanafuatana kwa karibu, tofauti na yale marefu ya bahari kuu, kwa hiyo chombo hakipewi nafasi ya kutulia kati ya wimbi moja na jingine. Anayesimama ndani yake hujisawazisha bila kupumzika, mara nyingi peku, na mara nyingi usiku, kwa sababu dagaa huvuliwa wakati wa giza kwa mwanga wa taa.

Swali la kuweka kitu cha kuzuia utelezi chini ya miguu limefanyiwa kazi kwa undani na watu ambao hawavui hata furu: wachezaji wa ubao wa mawimbi. Kwa miongo mingi walipaka nta juu ya ubao ili miguu ishike. Mwaka 1976 Herbie Fletcher wa California alianzisha kampuni ya Astrodeck, iliyozieneza pedi za kubandika, na leo pedi hizo hutengenezwa zaidi kwa sponji ngumu ya EVA, ile ile inayotumika kwenye soli za raba. Pedi ya kawaida hukaa mkiani, juu ya mapezi. Ina mifereji midogo inayoshika ngozi, tuta dogo katikati linaloingia kwenye upinde wa wayo, na ukingo ulioinuka nyuma ili kisigino kisipitilize. Kwenye ufuko wa Paje, Unguja, ambako mbao huvutwa kwa tiara kwenye upepo wa kusi na wa kaskazi, pedi za aina hii ni jambo la kawaida.

Lakini si kila mchezaji anaitaka. Mwenye ubao mfupi hukanyaga mkiani na mguu wa nyuma haubanduki hapo. Kwake pedi ni msaada mkubwa, maana hata gizani anajua kwa kugusa tu kwamba mguu uko mahali pake. Mwenye ubao mrefu hutembea juu yake, mbele na nyuma, na kipande cha sponji mkiani hakimsaidii anapokuwa kwenye pua ya ubao. Huyo hubaki na nta yake. Hapo ndipo pana jibu la mvuvi wa Muleba pia: pedi inafaa pale mguu unapokaa na kusukuma. Pale mguu unapopita, unapogeuka au unapotakiwa kuteleza kidogo, pedi huwa kikwazo.

Kujua mguu unakaa wapi si kazi ngumu. Mtumbwi wenyewe unaonyesha. Rangi ya sakafuni hulika kwanza mahali ambapo miguu imesimama muda mrefu, na nilichokiona kwenye mialo ni kwamba alama hizo zinafanana: moja kwa mshika injini huko tezi, nyingine mbili kando ya ukingo ambako nyavu huingizwa. Kati ya hapo watu hupita tu, au hukaa kwenye mabenchi wakipiga kafi. Anayetaka kufunika sakafu yote, kutoka omo hadi tezi, ananunua vifaa vingi kwa faida ndogo na anajitafutia ubovu wa mbao.

Ubovu huo ndio unaonifanya nishike msimamo mkali kuhusu gundi. Pedi ya ubao wa mawimbi hubandikwa kwenye faibaglasi laini: nta inakwanguliwa, uso unafutwa kwa spiriti hadi ung'ae, mahali panachorwa kwa penseli, pedi inakandamizwa kwa nguvu, kisha ubao unaachwa siku nzima kabla ya kuguswa na maji. Mtumbwi wa mbao hautoi nafasi hiyo. Mbao zake zimelowa, zimenywa mafuta, na viungio vyake vimekalafatiwa kwa pamba inayopaswa kukaguliwa mara kwa mara. Kitu kilichogandishwa juu ya mbao za namna hiyo hufungia maji chini yake, na fundi hataona uvujaji hadi ubao uwe umelainika.

Kwa mtumbwi wa mbao, basi, kitu bora ni kichanja kinachoinuliwa: papi nyembamba zilizopigiliwa juu ya vipande viwili vya kushikilia, zikiachiana nafasi ya kidole ili maji yapite. Juu ya papi hizo hupigiliwa vipande vya tairi, upande wenye meno ukitazama juu. Mafundi wa katambuga wanajua tairi la kuchagua: lisilo na nyaya za chuma, kwa sababu waya ukichomoza utamtoboa mtu wayo na kunasa nyavu. Vichwa vya misumari vizamishwe ndani ya mpira. Kichanja kiishie kabla ya sehemu ya chini kabisa ya sakafu, anakokombea maji mkombaji. Wakati wa kuosha chombo, kinatolewa na kusuguliwa ufukoni.

Karibu na injini mambo hubadilika. Petroli huvimbisha mpira na kuulegeza, na sponji nayo haipatani nayo. Hapo papi tupu, zilizokwaruzwa kwa msasa mkavu, zinatosha.

Wapo wanaopendelea mchanga. Mchanga wa ziwani huchekechwa hadi ubaki ule laini, huoshwa, hukaushwa, kisha hunyunyizwa juu ya rangi mbichi. Rangi ikikauka, mchanga uliolegea hufagiliwa na tabaka la pili hupakwa juu. Ni njia rahisi na haifungii maji kama pedi. Ubaya wake ni kwamba hukwaruza. Miguu peku itaulalamikia ndani ya usiku mmoja, na nyuzi za nyavu zinazorundikwa juu yake zitachakaa haraka. Naona mahali pake hasa ni omo, kwenye ubao wa kukanyagia abiria na wapakuzi, ambako mguu unashuka mara moja tu na nyavu hazifiki.

Boti za faibaglasi zinaongezeka ziwani. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo wa masharti nafuu. Mwenye boti ya aina hiyo apapase sakafu kwanza. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vipele vya kuzuia utelezi, na hapo hakuna cha kuongeza. Kama ni laini, pedi ya EVA ya kubandika inafanya kazi kama inavyofanya kwenye ubao wa mawimbi, mradi isifike wanapolala samaki. Mifereji yake huficha ute na magamba, na mnunuzi wa sangara anataka mahali panaposafishika. Anayevua kwa ndoano aiogope zaidi, maana ndoano huzama kwenye sponji kirahisi.

Kuna kazi nyingine ya mitumbwi hii isiyopangwa na mtu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, wakitumia mitumbwi. Watu 19 walifariki, 24 waliokoka. Kumpandisha mtu aliyelowa, mzito, asiyeweza kujisaidia, kutoka majini hadi ndani ya mtumbwi ni kazi ya mguu kuliko kuvuta wavu wowote, na hufanyika pale pale ukingoni ambako rangi imelika. Kwa hiyo, mwenye fedha ya kichanja kimoja tu akiweke hapo, kabla ya kumfikiria mshika injini ambaye ana mkono wa injini wa kujishikilia.

Pedi haipunguzi haja ya jaketi la kuokolea, ambalo wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) hulitafuta wanapokagua vyombo vidogo, na mwenye fedha ya kimoja anunue jaketi. Baada ya hapo ndipo kichanja. Kikishakaa kwa giza la kwanza, mbalamwezi inapowarudisha wavuvi wa dagaa nyumbani, kiinuliwe na mbao za chini zikaguliwe: zikiwa nyeusi au zinabonyea kwa ukucha, papi ziongezwe nafasi au kichanja kisogezwe, na kiungio kilicho chini yake kikalafatiwe upya kabla ya giza linalofuata.