Daktari Abbott na Minde

Wasafiri wanaotoka Mbalizi kwenda Tukuyu hupita Uyole, kisha huuona Mlima Rungwe. Kimo chake ni mita 2,960 hivi, nao umefunikwa na msitu mnene. Ndani ya msitu huo anaishi mnyama ambaye ni watu wachache tu wamepata kumwona. Jina lake ni minde.

Minde ni wa jamii moja na funo, lakini ni mkubwa zaidi. Uzito wake huweza kufika kilo 50. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia inayokaribia weusi, na katikati ya pembe zake fupi pana kishungi chekundu. Mchana hujificha vichakani. Usiku hutoka kutafuta majani na matunda yaliyoanguka.

Wataalamu wengi humtaja minde kwa jina la Daktari William Louis Abbott. Mtu huyu alikuwa nani?

Abbott alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1884. Baadaye alirithi mali, akaacha kazi ya kutibu wagonjwa na kuanza kusafiri ili achunguze viumbe. Mwaka 1888 na 1889 alikuwa katika sehemu za Kilimanjaro. Huko alikusanya wanyama na ndege, akavipeleka vielelezo vyake katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Mwaka 1890 mtaalamu wa jumba hilo, Frederick True, alichunguza kielelezo kimoja. Aliona kuwa mnyama huyo hafanani na funo yeyote aliyekwisha kuandikwa katika vitabu vya sayansi. Ndipo akampa jina la kisayansi, Cephalophus spadix.

Je, Abbott alikuwa mtu wa kwanza kumjua minde? La. Wenyeji wa milimani walikuwa wakimfahamu tangu zamani. Kazi ya Abbott ilikuwa kuhifadhi kielelezo, ili wataalamu walio mbali waweze kukilinganisha na vingine. Sayansi huendelea kwa njia hiyo: kutazama, kuandika, kuhifadhi na kulinganisha.

Abbott alifariki mwaka 1936. Katika siku zake, wataalamu waliwaua wanyama ili wawachunguze. Siku hizi hufunga mitini kamera ambazo hupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Kwa njia hiyo, mwaka 2003, minde alipigwa picha akiwa hai katika milima ya Udzungwa.

Minde haishi katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Misitu inapokatwa na mitego ya waya inapotegwa, idadi yake hupungua. Akitoweka katika milima yetu, atakuwa ametoweka duniani kote.

Zoezi

Chagua ndege au mdudu mmoja anayeonekana karibu na shule. Mtazame kwa siku tano bila kumdhuru. Kila siku andika tarehe, saa, mahali, na jambo alilokuwa akifanya. Kisha linganisha maandishi yako na ya mwenzako.

Maswali

1. Kwa nini minde haonekani kwa urahisi?
2. Frederick True alijuaje kuwa minde ni mnyama wa namna ya peke yake?
3. Kamera ina faida gani kuliko bunduki katika kuchunguza wanyama?
4. Kwa nini Watanzania wana wajibu mkubwa wa kumlinda minde?