Kujizoeza Pasipo Hatari

Mtoto wa Malolo, katika wilaya ya Ruangwa, hakabidhiwi chungu cha moto mara moja ili asonge ugali. Kwanza hupika mchanga katika kigae nyuma ya nyumba, na ugali ule ukiharibika, hapana atakayelala na njaa. Hata watu wazima, ambao kosa lao moja laweza kuua mtu, hujifunza kwa njia hiyo.

Mmoja wao ni rubani wa jeshi. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza ndege ndogo isiyoruka. Aliiweka juu ya mivukuto kama ile ya kinanda, nayo ikainama na kugeuka kama ndege iliyo angani. Wengi waliidhani kuwa mchezo tu. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege. Marubani hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni, wakafa kadha wa kadha. Ndipo jeshi liliponunua vyombo 6 vya Link.

Mwingine ni mkunga. Mtoto mchanga asipopumua, hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Akiwa kimya bado, hutiwa hewa kwa mfuko wa kuminya wenye kifuniko cha uso. Hayo yote yataka kuanzwa katika dakika ya kwanza. Ili mkunga asijifunze juu ya mtoto wa mtu, yuko mwanasesere aliyejazwa maji apate uzito wa mtoto. Hewa ikiingia sawasawa, kifua chake huinuka.

Katika Hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara, wauguzi na wakunga walifundishwa hivyo kwa siku moja mwaka 2010. Mbele ya mwanasesere walifanya vema, lakini kazi yao kwa watoto wenyewe haikubadilika. Basi mwaka 2011 wakaanza kujizoeza dakika chache kila juma, papo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua, toka 11 hivi katika kila watoto 1,000 hata 7 hivi.

Siku hizi iko miwani ya uhalisia pepe, ambayo huonyesha picha mbele ya kila jicho. Mvaaji akigeuza kichwa, picha nazo hugeuka, hata akajiona yumo ndani ya ndege au katika chumba cha wagonjwa. Majeshi huitumia, nako Busia, Kenya, na Lagos, Nigeria, wauguzi na wakunga wameijaribu kwa simu ili wakumbuke hatua za kumsaidia mtoto. Miwani hukumbusha hatua, lakini mkono hujua nguvu ya kuminya mfuko kwa kuuminya; kwa hiyo mwanasesere hakuachwa.

Chombo chochote kikifungiwa kabatini hakimfai mtu. Haydom siku moja haikutosha; dakika chache za kila juma ndizo zilizoifundisha mikono.

Maswali
1. Kwa nini jeshi lilinunua vyombo vya Link?
2. Mwanasesere ametiwa maji kwa sababu gani?
3. Mafunzo ya Haydom ya mwaka 2011 yalizidi yale ya 2010 kwa jambo gani?