Delivari kwa baiskeli: angalia haya kabla hujatoa hela

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee baiskeli. Tuseme unapeleka mizigo minne kwa siku hapa Dar, na bodaboda anachukua 3,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni 12,000 kwa siku, 72,000 kwa wiki ya siku sita. Kama wateja wako wengi wako ndani ya kilomita tano au sita, na unauza nguo, vipodozi au viungo (siyo majiko ya gesi!), baiskeli itarudisha hela yake. Ila ukinunua kwa kuangalia rangi, hela yote inahamia kwa fundi.

Sokoni utakutana na ile ndefu ya chuma, mfano wa Phoenix, ngumu na kila fundi anaijua. Utakutana na mtumba wa Japani, wenye kikapu mbele na karia nyuma. Halafu zipo zenye gia nyingi na shokapu mbele. Hizo shokapu za bei chee zinaongeza uzito tu, achana nazo.

Kwa mizigo ya mjini mimi ningechukua ya Japani yenye rimu za alumini. Sababu ni mvua. Rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, breki haishiki. Sasa una kilo 20 nyuma, uko kwenye mteremko, daladala inasimama ghafla mbele yako. Utafanyaje? Alumini nayo ikilowa inapungua nguvu, lakini si kwa kiasi kile. Nenda na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Ikinata kwenye rimu, ni chuma.

Kabla hujalipa, inua gurudumu ulizungushe: likiyumba, rimu imepinda. Litikise kushoto na kulia: likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Kagua fremu kwenye maungio, maana ufa hujificha chini ya rangi mpya.

Tairi ndipo wengi wanapoliwa. Unamwambia muuzaji "nipe 26", anakupa 26, ukifika nyumbani haliingii. 26 ziko zaidi ya moja. Soma ubavuni mwa tairi lako: 26 x 1 3/8 ya Kijapani huandikwa 37-590, wakati 26 x 1.95 ya baiskeli ya gia huishia na 559. Hizo tarakimu tatu za mwisho ndizo kipimo cha rimu, na lazima zifanane. Piga picha, weka kwenye simu.

Upepo nao umeandikwa hapo hapo ubavuni, kwa PSI. Ukibeba mzigo, jaza tairi la nyuma karibu na kiwango cha juu. Tyubu ikitoka na matundu mawili yanayotazamana, usitafute msumari: upepo ulikuwa mdogo, rimu ikaibana tyubu kwenye shimo.

Mnyororo usiupake oili chafu ya gari, inakusanya mchanga na kusaga meno. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, dondoshea oili safi kidogo kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa inayobaki nje. Mara moja kwa wiki inatosha, na kila ukinyeshewa. Kuujua umechoka, chukua futi ya chuma, pima kutoka katikati ya pini moja: pini ya inchi 12 ikae 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ukichelewa, utanunua na meno pia.

Siku ukifuata mzigo mbali, tuseme Bagamoyo, kilomita 70 hivi kwenda tu, pandisha siti mpaka kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini mguu unyooke. Ukikanyaga kawaida goti litakunja kidogo, na halitauma. Beba tyubu ya akiba, vibandiko, pampu inayoingia kwenye valvu yako (ya Kijapani mara nyingi ni tofauti na ya gari) na spana ya nati za magurudumu. Mzigo ufunge chini, pande zote mbili za karia, kwa mpira wa tyubu kuukuu.