Kiwanja Kimoja, Milango Minne

Mtu akisimama Kiriri wakati wa jioni huona mji wa Bujumbura chini yake, kisha ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Huku juu Wabelgiji walijijengea nyumba kubwa zenye bustani. Waafrika wakapangiwa kukaa kule chini, Buyenzi na Bwiza. Utawala huo ulikwisha mwaka 1962, lakini hata leo viwanja vingi vya Kiriri vina nyumba moja tu.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Katika ua wa bibi yangu, au lupango kama tusemavyo, ipo milango minne, bomba moja na mwembe mmoja. Kaka yangu alipooa hakupata nafasi pale. Akaenda kupanga Gatumba, karibu na mto Rusizi. Mwaka 2020 mto ulifurika, maji yakaingia hata kitandani. Alirudi usiku na mkewe, mtoto mgongoni. Tangu hapo najiuliza: mji ukijaa, watu waende wapi?

Wengine hujibu, "Waende mbali." Wengine husema, "Zijengwe ghorofa ndefu." Ipo njia ya katikati, nayo ndiyo somo langu. Ni nyumba ya kimo cha kawaida, ya chini na ghorofa moja, yenye makao matatu au manne, kila moja na mlango wake, jiko lake na choo chake. Msingi ni mmoja, paa ni moja, na bei ya kiwanja hugawanyika. Barabara na nguzo za umeme zimekwisha kuwapo. Huko Marekani, baraza la mji wa Minneapolis lilikubali mwezi wa Desemba 2018 kwamba kiwanja cha nyumba moja kiweze kuwa na makao matatu. Kanuni hiyo ikaanza kutumika Januari 2020.

Lakini yapo mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, maji ya mvua. Kiriri ni mteremko, na mto Ntahangwa umekwisha kula kingo zake na kuangusha nyumba. Afadhali kupanda ghorofa moja kuliko kuifunika bustani kwa saruji, kwa maana udongo wenye majani hunywa maji.

Pili, choo. Kwetu milango minne ilitumia shimo moja. Lilipojaa wakati wa mvua, watoto wawili waliugua. Wingi wa watu haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuongeza milango bila kuongeza shimo.

Tatu, mapatano. Nani afagie ua, nani alipe maji? Bibi yangu alipanga zamu za kila mlango, na ugomvi ukapungua. Yafaa mambo hayo yaandikwe kabla watu hawajahamia.

Wazee wetu mliosoma hapa, baadhi yenu mna viwanja vikubwa, na wengine ni mafundi na wapimaji. Siwaombi mbomoe nyumba zenu. Naomba mwenye bustani pana, siku atakapotaka kujenga nyumba ya pili, apige hesabu ya milango mitatu badala ya mmoja.

Kaka yangu ni seremala. Kila asubuhi hupanda kilima hiki kutengeneza madirisha ya nyumba za Kiriri. Jioni hushuka Buyenzi kulala katika chumba cha bibi, watu wanne.