Umeme Lazima Urudi: Kutafuta Kasoro katika Land Rover ya Zamani

Darasani tumejifunza kwamba mkondo wa umeme hauendi popote usipokuwa na njia ya kurudi. Tukichora betri na taa, twachora nyaya mbili. Lakini ukiifunua Land Rover ya zamani, utaona taa nyingi zina waya mmoja tu. Wa pili uko wapi? Wa pili ni gari lenyewe: bodi, chasi na injini.

Njia hiyo ndiyo huharibika kwanza. Gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita; basi chasi ikawa ya chuma na bodi ikawa ya aluminiamu. Madini hayo mawili yakigusana penye maji na matope, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Injini nayo imekaa juu ya mipira. Umeme wake hurudi kwa mkanda mnene wa shaba. Mkanda ukilegea au ukikatika, njia imeharibika.

Dalili zake ni hizi:

1. Ukikanyaga breki, taa ya breki haiwaki ila taa ndogo za mbele zawaka kwa unyonge. Umeme umekosa njia ya kurudi nyuma ya gari, ukazunguka kupitia taa nyingine.

2. Stata yazunguka kwa uvivu, na waya wa choki wapata moto. Mkondo wa stata unapita humo kwa sababu mkanda umekatika.

Wengi wakiona hayo hukimbilia kununua betri mpya. Fedha zapotea na ugonjwa wabaki pale pale. Afadhali kupima kwanza.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Kama injini ni ya petroli, chomoa waya mnene wa katikati ya koili ili isiwake. Chukua kipima volti. Mguu mmoja uweke juu ya ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasi, na wa pili juu ya chuma kisafi cha injini. Mwenzako azungushe stata. Kipimo kikizidi nusu volti, njia ni mbaya. Sasa pima kipande kwa kipande: ncha ya betri na kishikio chake, kishikio na chasi, chasi na injini. Palipo na volti nyingi ndipo penye kasoro.

Usidharau ukinzani mdogo. Stata ikivuta ampea 200 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 2 zapotea hapo.

Kabla ya kufungua kitu, ondoa kwanza kwenye betri waya uendao kwenye chasi. Kisha fungua kiungo, sugua kwa msasa mpaka madini yang'ae, kaza nati barabara, na upake grisi juu ili maji yasiingie. Kwa taa za nyuma, yafaa kuvuta waya mpya toka taa mpaka kwenye chasi, usitegemee bodi.

Jihadharini na jambo moja. Land Rover za kwanza zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye chasi. Zile za baadaye zilifungwa ncha hasi. Tazama kwanza gari lako ni la namna gani, la sivyo utaunguza redio.

Dereva wa lori lililo nyuma yako usiku hajui habari za unga mweupe. Yeye huona taa ya breki au haoni.

Zoezi: Taa ya mbele ina wati 60 kwa volti 12. Njia yake ya kurudi ina ukinzani wa omu 0.6. Tukichukulia kwamba ukinzani wa taa haubadiliki, taa yapata volti ngapi? Aliyepata 9.6 amelielewa somo.