Dondoo muhimu: Windows na Linux nyumba moja

Uwe Sumbawanga mjini au Laela, huhitaji bando kuhamisha faili kutoka kompyuta ya Windows kwenda ya Ubuntu au Mac. Washa hotspot ya simu, unganisha zote mbili; faili zinapita humo humo nyumbani. Data izime, maana Windows ikionja intaneti huanza kujisasisha na MB zinayeyuka.

Kwenye Windows, weka mtandao uwe wa faragha, kisha shirikisha folda moja tu, si diski nzima. Upande wa pili fungua kidirisha cha mafaili na uandike smb:// ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ile, mfano smb://192.168.43.5. Ukiulizwa nywila, weka ile ya akaunti ya Windows. PIN ya kufungulia skrini haikubaliki hapa, na wengi hukwama hapo.

Unapendelea flash? Ifomati kwa exFAT. FAT32 hukataa faili inayofika GB 4, na video ya harusi hufika huko upesi. NTFS nayo Mac huisoma tu, haiiandikii. Kufomati hufuta vyote, kwa hiyo nakili kwanza vilivyomo.